Deni la Marehemu

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, nilikuwa mtoto pale stesheni ya Goweko, kwenye reli ya kati, mashariki ya Tabora. Jirani yetu, mtu wa Kisumu, alikuwa mfanyakazi wa reli kama baba. Hakuja kwa kupenda; alipewa uhamisho, akapanda treni na mkewe na watoto wanne. Sasa alitakiwa arudi kwao, na mpaka wa Kenya umefungwa. Apite wapi, kwa nauli ya nani? Hapakuwa na wa kumjibu. Mwajiri wake amekufa.

Baba alimsaidia kuuza mbuzi. Mama akawakaangia watoto karanga za njiani. Cherehani haikubebeka. "Dada, nitunzie," mkewe alisema.

Kwetu, kabla ya kuzika huulizwa: nani anamdai marehemu? Warithi husimama. Warithi wa Jumuiya walikuwa nchi tatu, nazo zilitia saini mkataba wa kugawana mali na madeni Mei 1984, miezi michache baada ya mpaka kufunguliwa. Ni matanga marefu hayo!

Watu husema siasa ni kama mafuriko, mwajiri hana kosa. Nakubali hana kosa. Kwamba hana deni, sikubali. Aliyemtoa mtu kwao amejitwika safari yake yote, ya kwenda na ya kurudi.

Mama aliipaka mafuta cherehani ile kila mwaka, asiishonee hata kifungo, mpaka alipofariki mwaka 1991. Sasa iko kwangu.