Kwa Mpwa Wangu wa Kihonda, Kabla Hujanunua Kiyoyozi

Mpwa wangu, picha uliyonitumia ya kile kiyoyozi cha magurudumu nimeitazama mara mbili. Unasema mtoto halali, mama yake hajapata usingizi tangu atoke kujifungua, na chumba chenu kinawaka mpaka saa nane usiku. Sitakwambia uvumilie. Joto letu la Morogoro, kuanzia Oktoba mpaka masika yashike, si la kuchezea, na mwenye kichanga au mzee ndani ya nyumba ana haki ya kutafuta nafuu. Machi 2024 Sudan Kusini walifunga shule kwa sababu ya joto. Siku za kuliita jambo hili anasa zimepita.

Ninachokuomba ni kwamba kabla hujatoa hela, umuulize muuzaji swali moja: joto la chumbani litatokea wapi?

Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinabeba joto la ndani na kulitupa mahali pengine. Kile cha ukutani kina sehemu mbili, na ile inayotupa joto imefungwa nje. Hiki cha magurudumu kimo chumbani chote, kompresa na makelele yake, kwa hiyo lazima kiwe na bomba nene la kupitisha hewa ya moto dirishani. Mashine isiyo na bomba hilo si kiyoyozi, hata boksi liseme nini.

Tofauti hiyo niliijua kwa uchungu. Mwaka ule bibi yako aliposhuka kutoka Mgeta kuja kutibiwa, akakaa kwangu Machi nzima, nilimnunulia mashine niliyoambiwa ni kiyoyozi. Muuzaji alinionyesha mahali pa kutia maji na barafu, nikaamini. Kumbe ni feni inayopuliza kupitia pazia lenye maji. Kifaa hicho humfaa mtu wa Dodoma, ambako hewa ni kavu, maji hukauka upesi na yanapokauka huondoka na joto. Huku kwetu mvua zilikuwa zimekaribia, hewa imeshiba unyevu, nami nimefunga madirisha nikidhani nazuia ubaridi usitoke. Chumba kikawa kama sufuria iliyofunikwa. Shuka la mama likalowa. Akanishika mkono akaniomba nimrudishe mlimani. Mwanamke aliyevuka miaka themanini, na aliyemfungia humo ni mimi. Hilo halijanitoka moyoni, ndiyo maana leo nakuandikia kwa urefu.

Viyoyozi vya kweli vya magurudumu navyo si sawa. Chenye bomba moja huvuta hewa ya chumbani, huitwisha joto, kisha huisukuma nje. Hewa iliyotoka lazima ipate mbadala, na mbadala wake ni hewa ya moto inayopenya chini ya mlango na kwenye nyufa za dari. Chenye mabomba mawili huvuta hewa ya nje kwa bomba lake la pili, hivyo hakikinyang'anyi chumba hewa ambayo kimekwisha kuipoza. Ukikipata hicho, chukua hicho. Wala namba ya BTU kwenye boksi isikulevye. Marekani wameweka kipimo kingine kinachohesabu hewa hiyo inayopenya, na mashine inayotangazwa kuwa ya 12,000 mara nyingi hushuka chini ya 8,000.

Sasa umeme. Mashine ya namna hiyo hula kilowati moja na zaidi kidogo. Usiku wa joto kali kompresa haipumziki, basi saa nane za usingizi ni uniti nane au zaidi. Kama mita yako iko kwenye lile kundi la bei nafuu la uniti 75 kwa mwezi, usiku kumi tu umelimaliza, na LUKU itakufundisha bei nyingine. Pangaboi la wati 70 kwa saa hizo hizo halifiki hata uniti moja.

Nimekwambia uulize joto litatokea wapi. Jiulize pia linaingilia wapi. Ukuta wenu wa chumbani unatazama magharibi. Tofali zile zinakunywa jua alasiri yote, kisha zinawatapikia ninyi usiku. Ndiyo sababu chumba kinawaka mpaka saa nane usiku. Hapo kiyoyozi kitapigana na ukuta. Weka kivuli cha turubai leo, panda mpesheni utambae kwenye waya. Bati lipake rangi nyeupe, na uache matundu kwenye kenchi ili joto lililonaswa juu ya dari litoke. Wavu wa dirisha uwe mzima, ili usiku mfungue bila kuogopa mbu. Usiku hewa baridi huteremka kutoka Lupanga na vilele vingine vya Uluguru, na hata ninyi wa tambarare mnaonja kidogo. Anayefunga madirisha jua linapopanda na kuyafungua linapozama ameshafanya nusu ya kazi bila shilingi.

Ukifanya hayo na mtoto bado anateseka, nunua, na mjomba nitakuchangia. Kipoze chumba kimoja, kile anacholala mtoto. Bomba liwe fupi na lililonyooka, maana refu lenye mikunjo linarudisha joto ndani. Chomeka kwenye soketi ya ukutani, siyo kwenye ekstensheni ile iliyobeba friji na televisheni. Nyaya zake zaweza kuyeyuka mmelala. Weka gadi ya kukinga umeme unaopanda na kushuka. Maji yanayokusanyika yamwage, chujio lioshe. Usikishushe hadi 18. Shirika la Afya Duniani linashauri digrii 27 pamoja na feni, na inatosha. Upepo usimpige mtoto moja kwa moja. Na chumba kikishazibwa, jiko la mkaa lisiingie kabisa, hata la kuchemsha maji ya kumwogesha. Moshi usioonekana unaua.

Tena jirani. Viwanja vya Kihonda vimebanana, na dirisha lako linatazama kibaraza anacholala yule bibi wa watoto wa jirani. Joto utakalomwondolea mwanao usimpulizie yeye. Ligeuze bomba upande wa uani, hata kama itabidi kitanda kihamishwe.

Jumamosi nitakuja na futi kamba. Dirisha lenu ni la kusukuma na lina nondo, na bomba litahitaji plaiwudi iliyokatwa kwa kipimo na sponji pembeni. Tupime kwanza ndipo twende dukani. Mwambie mkwe asisumbuke na chakula, apumzike.