MAJI YANAYORUDI NYUMA

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeteremsha maji kutoka mbinguni akayajaalia kuwa twahara na uhai, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Huenda ndugu msomaji akastaajabu kuona ukurasa huu, uliozoea kuzungumza mas'ala ya Sala na Zaka na desturi zisizokuwa na asili, leo unazungumza khabari ya mpira wa kuogea. Atasema: hayo ni mambo ya fundi, si mambo ya dini. Sisi twamjibu ya kuwa vitabu vyetu vya fiqhi havikufunguliwa kwa mlango wa Sala, bali vilifunguliwa kwa mlango wa maji. Mtoto wa chuoni haifikii takbira mpaka ajue kwanza ni maji gani yatwaharishayo, na ni maji gani yaliyoharibika. Dini iliyoanza na maji haiwezi kuyaacha njiani yafikapo katika bomba.

Baadhi yetu tulisafiri kwenda Eldoret, mji wa bara ulio juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 2,000, na ambao mwaka 2024 ulipewa hadhi ya jiji. Tulifikia Kimumu, mtaa ulio upande wa njia ya Iten, kwa kijana wa kwetu Pwani aliyehamia huko kwa kazi. Amepanga orofa ya juu, na orofa ya chini wanakaa majirani wasiokuwa Waislamu, watu wa murua na wema, ambao siku tulipofika walituletea maziwa kabla hatujavua viatu.

Asubuhi ya pili mtoto wa mwenyeji wetu alikuwa akitayarishiwa maji ya kuoga. Mpira wa kuogea, ule wenye kichwa cha matundu unaoshikwa kwa mkono, ulikuwa umelazwa ndani ya karai, kichwa chake kimezama katika maji ya sabuni, na mfereji wake u wazi ili karai lijae. Wakati huo huo fundi alikuwa juu ya dari amelifunga bomba la tangi, apate kutengeneza mahali palipovuja. Maji yakakatika. Mama wa mtoto akangoja. Mara akaona maji ya karai yanapungua, na karai halikutoboka. Kabla hajamaliza kustaajabu, jirani wa chini akapaza sauti kutoka jikoni mwake: amefungua mfereji atie maji ya chai katika sufuria, na yanayotoka yana povu.

Fundi aliteremka, akaona, akacheka, akatueleza sababu yake. Lakini mmoja wetu hakucheka. Alimwuliza: "Je, lau ungekuwa ni ule mpira wa chooni, nao umeangukia ndani ya bakuli la choo?" Fundi akanyamaza kidogo, kisha akasema ya kuwa jambo lingekuwa lile lile, ila povu lisingekuwako la kumwonya mtu.

Neno hilo ndilo lililotufanya tuandike haya.

Sababu ya jambo hili si ya ajabu. Kila mtu amepata kumwona dereva anayetoa petroli katika tangi la gari: hutia mpira, huvuta kwa kinywa mara moja, kisha petroli hupanda ukingo wa tangi yenyewe na kuteremkia katika mkebe ulio chini. Mabomba ya nyumba hufanya hayo hayo bila ya kinywa cha mtu. Maadamu maji yanasukumwa kwa nguvu, hutoka. Lakini nguvu hiyo ikikatika, na mtu aliye chini akafungua mfereji wake, maji yaliyomo katika bomba huteremka, na yateremkapo huvuta kilicho nyuma yao. Mdomo wa mpira ukiwa hewani, huvuta hewa, na hapana dhara. Ukiwa umezama, huvuta kile ulichozama ndani yake, kiwe ni sabuni, kiwe ni dawa ya kusafishia, au kiwe ni kitu tusichopenda kukitaja hapa.

Asidhani mtu ya kuwa haya ni maneno ya kuwatisha watu. Mwaka 1933, katika mji wa Chicago, Marekani, wageni walikusanyika kwa maonyesho makubwa ya dunia. Wengi waliofikia katika hoteli mbili waliugua ugonjwa wa kuhara damu, na watu 98 wakafa. Walipochunguza waliona ya kuwa mabomba ya maji safi na ya maji machafu yalikuwa yamekutana mahali yasipopasa kukutana, na maji machafu yamerudi katika maji ya kunywa. Na mwaka 1969, katika chuo cha Holy Cross mjini Worcester, Marekani, vijana wa timu ya mpira na wasimamizi wao, wote pamoja 97, walipatwa na ugonjwa wa ini wapatao 90. Wazima moto walikuwa wakivuta maji mengi karibu na hapo, nguvu ya maji katika bomba ikaanguka, na bomba likanyonya maji machafu yaliyotuama katika vishimo vya kumwagilia uwanja. Vijana wakayanywa. Hapana aliyeyaona wala kuyanusa.

Sasa na tujitazame sisi wenyewe. Huko kwa wenzetu nguvu ya maji huanguka kwa bahati mbaya, siku moja katika miaka. Kwetu sisi kukatika kwa maji ni jambo la desturi. Mwenyeji wa Mombasa, ambaye maji yake hutoka mbali kama Mzima na Baricho, anajua maana ya kungojea zamu ya maji. Bomba lililo tupu hii leo, kesho likajaa, kisha likawa tupu tena, ndilo bomba linalonyonya. Na sisi ndio watu wa kustanji kwa maji. Hapana nyumba mpya ya Mwislamu siku hizi isiyokuwa na mpira wa mkono pembeni mwa choo. Basi khatari hii imekusanyika kwetu kwa pande mbili.

Waingereza, katika sheria zao za vyombo vya maji za mwaka 1999, wameyagawa maji kwa madaraja matano ya khatari, na la tano ndilo baya kabisa. Mpira wa mkono wa chooni wameuhesabu katika hilo la tano. Wala haitupendezi kuona watu wasiostanji kwa maji wanaujali mpira wetu kuliko tunavyoujali wenyewe.

Tena twastaajabu, kwa kuwa asili ya jambo hili tunayo sisi tangu zamani. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, amemkataza mwenye kuamka usingizini asitie mkono wake katika chombo cha maji mpaka auoshe mara tatu, kwani hajui mkono wake ulilala wapi. Ndugu, mpira wako je, wajua kichwa chake kililala wapi? Tena ametuamrisha kufunika vyombo na kufunga midomo ya viriba wakati wa usiku. Na bomba ni nini, ila ni kiriba kirefu kinachopita nyumba kwa nyumba? Mdomo wake ukiachwa ndani ya uchafu, kiriba hicho hakikufungwa.

Na wanazuoni wa madhhab yetu ya Shafii wamepambanua baina ya maji yanayoijia najisi na najisi inayoyajia maji. Ukimimina maji kutoka juu juu ya najisi, maji ndiyo yenye nguvu, nayo husafisha. Najisi ikiyaangukia maji machache yasiyofika qulla mbili, ambayo hukadiriwa karibu na lita 200, maji hayo yamekwisha haribika, ijapokuwa hayakugeuka rangi wala harufu. Wazee wetu waliokuwa wakistanji kwa kopo na birika waliyamimina maji kutoka juu, na baina ya mdomo wa birika na uchafu palikuwa na nafasi ya hewa. Mafundi wa leo wamesoma miaka mingi wakaona ya kuwa kinga iliyo bora kuliko zote ni hiyo hiyo nafasi ya hewa. Sisi tulikuwa nayo mikononi, tukaitupa siku tuliponunua mpira.

Hapa twataka kuonya juu ya makosa mawili.

Kosa la kwanza ni la mwenye wasiwasi. Huyu akisoma haya atauogopa kila mfereji, atarudia udhu wake mara tano, na Sala itampita. Twamwambia: asili ya maji ni twahara, na yakini haiondolewi na shaka. Maadamu hukuona wala hukupata khabari ya kweli ya kuwa maji haya yameingiwa na najisi, tawadha na usali, wala usimfungulie shetani mlango.

Kosa la pili ni la mzembe, naye ndiye mwingi zaidi. Huyu ameichukua kanuni hiyo hiyo ya yakini na shaka akaifanya mto wa kulalia. Husema: "Sijui kama yamerudi, basi si juu yangu." Huyu ameichukua kanuni mahali pasipo pake. Kanuni hiyo imewekwa kumpumzisha mwenye kusali. Haikuwekwa kumpumzisha mwenye nyumba. Tazama ile hadithi ya mkono: aliyeamka hana yakini ya kuwa mkono wake una najisi, ana shaka tu, na juu ya hivyo ameamrishwa auoshe kabla ya kuugusisha maji. Kwa hiyo katika kuhukumu maji tunafuata yakini, na katika kuyalinda maji shaka yatosha. Mwenye kufahamu mambo haya mawili ameokoka na wasiwasi na uzembe pamoja.

Na mwenye kusema ya kuwa maradhi ni kadari ya Mungu, twamwambia ya kuwa mpira uliolazwa chooni ameulaza yeye kwa mkono wake. Dini yetu imekataza kudhuru na kudhuriana. Yule mama wa Kimumu aliyekuwa akitia maji ya chai, haki yake ya ujirani haikupungua kwa kuwa si wa dini yetu. Lau angeugua yeye na watoto wake kwa uchafu uliotoka katika nyumba ya Mwislamu anayejisifu kwa twahara, tungejibu nini mbele ya Mungu?

Basi la kufanya ni hili, nalo halihitaji mali nyingi.

Kwanza: mpira wa mkono, wa kuogea au wa chooni, utundikwe ukutani kila umalizapo, na urefu wake uwe kiasi ambacho hata ukianguka, kichwa chake hakifiki ndani ya karai, wala ndani ya pipa, wala ndani ya bakuli la choo. Ukiwa mrefu, ufupishwe.

Pili: mtu akijaza ndoo au karai, asizamishe mdomo wa mpira. Aache nafasi ya hewa juu ya ukingo wa chombo, kiasi cha mara mbili ya upana wa tundu, wala isipungue inchi moja.

Tatu: ufungwe mfereji mdogo wa ukutani baada ya kutumia, usitegemee kitufe cha kichwani peke yake.

Nne: fundi aulizwe kile kilango kidogo kinachoruhusu maji kwenda na kuyazuia kurudi. Kwa mpira wa kuogea kina manufaa. Lakini kwa wa chooni kisitegemewe peke yake, kwa kuwa hushikwa na takataka kikaacha kufunga. Kilicho bora ni kuupatia mpira huo maji ya tangi lake mbali, ambalo mdomo wa bomba linalolijaza u juu ya maji, haugusani nayo kabisa.

Tano: maji yakikatika, ifungwe mifereji yote na itolewe mipira katika vyombo. Yakirudi, yaachwe kwanza yatoke kidogo ya kufulia au kusafishia, na ya kunywa yachemshwe.

Haya twawaambia khasa wenye nyumba za kupangisha, na kamati za misikiti. Mwenye nyumba anayechukua kodi kila mwezi ana dhamana ya mabomba yaliyomo ukutani, kwani mpangaji hayaoni. Na msikiti ambao watu mia hutawadha kwa tangi moja, uchafu wake hauishii kwa mtu mmoja. Twaona misikiti ikinunua mazulia mapya na taa za rangi, na mpira wa chooni umelala chini katika maji yaliyotuama. Laiti thamani ya zulia moja ingetengeneza mabomba!

Kijana wetu wa Kimumu aliukata mpira wake siku ile ile, akaupigilia ndoana ukutani, kisha akashuka kwa jirani kumtaka radhi na kumpelekea maji ya kunywa yaliyochemshwa. Jirani alimwita fundi naye akatengenezewa vivyo hivyo. Kazi yote ilikwisha kabla ya adhuhuri, na tukasali pamoja tukiwa na furaha.

Ndugu, kabla ya kuuweka ukurasa huu chini, inuka ukatazame mpira wako umelala wapi.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wale awapendao kwa kujitwaharisha, na awakinge watu wote na dhara ya mikono yetu. Amin. Wa billahi tawfiq.