Kifo cha Wengi Harusi: Waliotutoka Mwaka 2013

Kifo cha wengi harusi. Mgeni akiisikia methali hii kwa mara ya kwanza huona ukatili ndani yake. Aliyekulia uswahilini haimshangazi, maana ameyaona kwa macho: turubai lililofungwa msibani ndilo lililofungwa harusini juma lililopita, masufuria ni yale yale ya kuazima, na akina mama wanaochambua mchele uani ni wale wale. Watu wakishajaa, mazungumzo hayazuiliki, na kicheko humponyoka hata mfiwa.

Maana inayofundishwa shuleni ni moja: balaa likiwafika wengi, kila mmoja huona afadhali. Ni kweli, ila kwangu hiyo ni nusu ya maana, tena nusu iliyo rahisi. Harusi si jambo jepesi. Ina michango, ina wapishi, ina ugomvi wa nani kaalikwa na nani karukwa. Zaidi ya hayo, harusi ina mwenyewe. Macho yote humwendea yeye, wengine wote wakabaki waalikwa.

Mwaka 2013 uliipima methali hii pande zote. Machi 21 alifariki mwandishi Chinua Achebe huko Boston, Marekani. Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki walimjua kwa Kiswahili kabla ya kumjua kwa Kiingereza, kupitia Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Clement Ndulute. Haukupita hata mwezi, Aprili 17 akafariki Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, kule Zanzibar. Mwaka aliozaliwa hakuna aliyeujua kwa hakika. Yeye mwenyewe alihesabu umri wake kwa mambo aliyoyaona. Kazi yake ilikuwa ngoma: taarabu aliyoichota kwa kumsikiliza Siti binti Saad, na unyago wa kuwafunda wari kabla ya ndoa. Kwa hiyo msiba wake ulikuwa harusi kwa maana iliyo karibu kabisa na neno lenyewe, kwani miongoni mwa walioujaza walikuwamo wanawake aliowapigia ngoma walipokuwa wasichana. Viongozi wa serikali nao walifika, na walipokewa kama wageni wengine.

Mei 28 ikaja zamu ya vijana. Albert Mangwea, bingwa wa mitindo huru katika bongofleva, alifia Afrika Kusini akiwa na miaka 30 hivi, akaletwa kuzikwa Morogoro. Wazee wengi walikuwa hawajawahi kumsikia, wakashangaa kuona umati wa vijana unaolia barabarani. Hapo methali hutufundisha jambo ambalo wenye madaraka ya kutangaza misiba husahau: ukubwa wa kifo haupimwi na anayetazama kwa mbali. Wengi ni wale waliofiwa, na hao hujijua wenyewe.

Lakini Septemba 21 methali ilifika mpaka wake. Kofi Awoonor, mshairi wa Ghana, alikuwa Nairobi kwa tamasha la fasihi. Alikwenda kwenye jengo la maduka la Westgate, magaidi wakalivamia, akauawa humo pamoja na watu wengine zaidi ya 60. Hicho kilikuwa kifo cha wengi kwa maana ya wazi kabisa. Nani angethubutu kwenda kwa mama mmoja wa Nairobi siku ile kumwambia kwamba, kwa kuwa mwanawe hakufa peke yake, basi ni harusi? Waswahili hao hao wana methali nyingine, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na nadhani ndiyo inayoilinda hii isigeuke matusi. Maneno haya ni ya mfiwa kumwambia mfiwa mwenzake, mkeka mmoja, ubani mmoja. Mpita njia hana haki nayo. Mtangazaji anayesoma idadi ya waliokufa hana haki nayo, na serikali inayotaka watu wanyamaze haina kabisa.

Kuna jingine linalonisumbua. Msibani watu hawachaguani, na waliokufa mwaka mmoja hawachaguani pia. Mikhail Kalashnikov, aliyebuni bunduki ya AK-47, alikufa Desemba 23. Bunduki yake imo hata katika bendera ya Msumbiji. Kwa wengine ilileta uhuru, kwa wengine ilifuta ukoo mzima. Baada ya kifo chake ilichapishwa barua aliyomwandikia mkuu wa Kanisa la Othodoksi la Urusi, akiuliza kama naye ana hatia ya waliouawa kwayo. Mtu wa namna hii tumkumbukeje? Methali haisemi kifo cha wema. Kumkumbuka ni kumtaja pamoja na swali lake, bila kumpamba. Kwa upande mwingine, Frederick Sanger, Mwingereza aliyefumbua namna insulini ilivyoundwa, akapata Nobel ya kemia mara mbili, 1958 na 1980, alikufa Novemba 19 naye karibu apite bila kutajwa huku kwetu. Wanasayansi hawana ngoma ya kuwasindikiza.

Novemba 30 alifariki Tabu Ley Rochereau jijini Brussels. Huyu ndiye aliyeipandisha rumba ya Congo jukwaani Olympia, Paris, mwaka 1970, na ndiye aliyemwinua Mbilia Bel. Siku tano baadaye akafariki Nelson Mandela, na harusi ikapata mwenyewe. Tabu Ley alizikwa Kinshasa huku macho ya dunia yakiwa Johannesburg na Qunu.

Watanzania walikuwa na haki ya kuulilia msiba wa Mandela kama wa nyumbani. Mwaka 1962 aliingia Tanganyika kwa siri kupitia Mbeya, akaonana na Nyerere Dar es Salaam. Baadaye chama chake kilijenga shule Mazimbu, Morogoro, na makaburi ya Waafrika Kusini waliofia uhamishoni yapo pale hadi leo, mkoa ule ule aliorudishwa Mangwea kutoka Afrika Kusini. Misiba ya pande hizi mbili ilikwisha kuchanganyika zamani.

Kwa hiyo simlaumu mhariri aliyekuwa na kurasa mbili, akampa Mandela zote mbili. Ninaowauliza ni wale waliocheza rumba ya Tabu Ley hadi alfajiri Nairobi, Kigoma na Bujumbura, kisha Desemba ile wakangoja redio iwaambie nani amekufa. Wao walikuwa wafiwa, na santuri za marehemu walikuwa nazo nyumbani.