Pandeni Hapa Hapa Babeli

Wapendwa, mnamkumbuka Hanania? Yeremia tunamtaja sana, lakini Hanania ndiye tunayemtii. Ndiye nabii aliyesimama nyumbani mwa Bwana, akaiondoa nira ya mti shingoni mwa Yeremia, akaivunja mbele ya watu na kutangaza kwamba miaka miwili haitapita kabla mateka wote hawajarudi kutoka Babeli. Miaka miwili! Nani asingepiga makofi? Mahubiri kama hayo hujaza sadaka hadi leo. Ukishayasikia, hufungui mzigo, hupigi msumari ukutani. Unakaa mlangoni na viatu miguuni.

Kisha ikafika barua ya Yeremia, nayo ilikuwa chungu. Sabini, si miwili. Kwa hiyo aliwaagiza mateka wajenge nyumba wakae, waozeshe watoto wao, wauombee heri mji uleule uliowashika. Na katikati ya mambo hayo mazito ya ndoa na maombi akatia jambo ambalo wahubiri wengi hulipita mbio: walime bustani, wale walichokipanda.

Ndugu zangu, Kampala imejaa wafuasi wa Hanania. Muulize kijana wa boda boda pale Wandegeya kwao ni wapi: Masaka, Mbale, Arua. Hapa je? "Hapa natafuta tu." Ametafuta mpaka watoto wake wamemaliza shule ya msingi, na bado hajapanda hata kitunguu kwenye kopo, eti nyumba ni ya kupanga. Mama aliyekimbia vita Kivu, anayeishi chumba kimoja Katwe, anangoja simu ya safari ya ng'ambo. Mwezi wa Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, simu zikanyamaza. Je, mama, wakati tunangoja, watoto wale nini? Mungu akikufungulia njia kesho, nenda kwa amani. Sukuma wiki yako itachumwa na jirani. Lakini leo uko hapa. Panda hapa!

Wala msidhani ninawaletea jambo geni. Mama zetu walilifanya kabla yetu, tena kwa hofu. Baada ya mwaka 1972, vita vya uchumi vya Amin vilipoyamaliza maduka, sukari ikawa hadithi na sabuni ikapangiwa foleni, wanawake wa mji huu walishika jembe. Walilima nyuma ya nyumba, kando ya reli, mabondeni. Sheria za mji hazikuwataka. Maofisa walikuja na mapanga kufyeka mahindi, kwa madai kwamba yanafuga mbu! Mama akalia usiku, asubuhi akapanda tena. Watafiti walipokuja kuuliza maswali mwanzoni mwa miaka ya 1990, walikuta karibu thuluthi ya kaya za Kampala zinalima ndani ya mji, na wengi wa wakulima hao walikuwa wanawake. Walipowapima watoto wadogo, waliona wale wa nyumba zenye shamba wamekua vizuri kuliko wenzao wa nyumba zisizo na shamba. Urefu wa mtoto, wapendwa! Ushuhuda gani tena mnautaka?

Serikali ya mji ilichelewa kuuona ushuhuda huo. Mwaka 2004 iliundwa kamati iliyowaketisha meza moja watu wa halmashauri, watafiti na mashirika ya wananchi, na mwaka 2006 Kampala ikapata sheria ndogo zinazotambua kilimo na ufugaji wa mjini. Leo mamlaka ya jiji yenyewe ina kituo cha kilimo kule Kyanja, na wananchi huenda kujionea namna ya kukuza miche na kufuga kuku mahali padogo. Kule Kawaala, kwenye bustani iitwayo Camp Green, mboga zimeoteshwa katika makopo, katika matairi, hata katika viatu vilivyochakaa. Kiatu kibovu kinazaa, halafu wewe mwenye ua wa sementi na mfereji wa maji unasema huna nafasi?

Kumbukeni mwaka 2020. Tulifungiwa kwa sababu ya korona. Matatu zilisimama, boda boda zikakatazwa kubeba abiria, na mwezi wa Aprili serikali ikaanza kugawa chakula: kilo sita za unga wa posho na kilo tatu za maharagwe kwa kila mtu. Tulishukuru, na tunashukuru bado. Lakini mwulize mama yeyote wa Bwaise au Kamwokya: unga na maharagwe bila jani hata moja, siku nenda siku rudi, mtoto mdogo anakuwaje? Waliokuwa na magunia mawili ya mboga za dodo na nakati mlangoni hawakula peke yao. Walichuma, wakapitisha juu ya uzio. Ibada ilifungwa makanisani, ikaendelea uani.

Sasa nije kwenu, wachungaji wenzangu, na kwenu wazee wa kanisa. Hapa sitapunguza makali.

Mkataba wa mwaka 1900 ulizitengea jumuiya tatu za wamisionari maili 92 za mraba za ardhi ya Buganda. Maili za mraba, si mita! Vilima vizuri vya mji huu vina minara yetu: Namirembe, Rubaga, Nsambya. Na ardhi hiyo tunaifanyia nini? Kila Jumamosi kijana analipwa kufyeka nyasi, ili Jumapili magari yaegeshwe. Nyasi zinafyekwa, zinachomwa, zinaota tena. Chini ya kilima, kwenye mabonde ya matope, akina mama wanapanda magimbi katika maji machafu ya Nakivubo kwa sababu hakuna pengine. Watafiti wamepima udongo na mazao ya mabonde haya, wakakuta risasi na kadimiamu. Sumu! Tunawahubiria habari ya mkate wa uzima, halafu tunawaachia mfereji wa kiwanda.

Msinitajie mali ya kanisa. Ahabu naye alikuwa na hoja zake alipotaka shamba la Nabothi, na kumbukeni alilitaka kwa ajili ya bustani ya mboga. Mboga zenyewe hazikuwa na kosa. Kosa ni la mkubwa anayekusanya ardhi na mdogo asiyebakiziwa. Fungueni mageti. Kipeni kikundi cha akina mama robo ya uwanja wa maegesho kwa maandishi, kwa miaka kadhaa, wasije wakafukuzwa siku kabichi zinapofunga.

Nanyi Waislamu wa Kibuli, mliokaa nasi katika mji huu vizazi na vizazi, mnayajua mafundisho ya Mtume kuhusu mtu anayekutwa na Kiyama ana mche mkononi: aupande. Basi tushindane katika hilo. Nitafurahi mkitushinda.

Tena kuna habari ya taka, na hii inaniuma. Tarehe 10 Agosti 2024 lundo la taka la Kiteezi, ambalo mji ulikuwa ukilijaza tangu mwaka 1996, liliporomoka baada ya mvua na kuzifukia nyumba. Watu zaidi ya 30 walikufa. Mlima ule ulijengwa na nani? Sehemu kubwa ya taka za Kampala ni vitu vya kuoza: maganda ya matoke, maganda ya viazi, majani, mabaki ya sokoni. Tuliyafunga katika mifuko ya kavera tukayasukumia jirani zetu wa Kiteezi, na udongo wa nyua zetu ukabaki na njaa. Ganda la matoke ni mbolea! Lirundike kivulini, changanya na majani makavu na samadi ya kuku, ligeuze kila baada ya siku chache, lisikauke wala lisilowe maji. Miezi miwili mitatu, utashika udongo mweusi. Anayefanya hivyo anapunguza mzigo wa mlima mmoja baada ya mwingine, kwa maana lundo moja likifungwa, taka zitatafuta bonde jingine lenye maskini wake.

Wazee wa Buganda hawakungoja bajeti. Ngoma ya bulungi bwansi, kazi ya pamoja ya jamii, ilipolia, mtu alitoka na jembe lake, kisima kikasafishwa, njia ikafyekwa. Ufalme bado unaiadhimisha kazi hiyo kila tarehe 8 Oktoba. Mbona sisi tunaoabudu pamoja hatuwezi kuchimba pamoja? Mmoja ana mbegu, mwingine ana maji, wa tatu ana kuku, wa nne ana nguvu tu na nafasi hana. Kila mmoja peke yake ana sababu ya kutopanda. Wakiwa kikundi, sababu zinaisha.

Basi sikieni agizo. Jumamosi, baada ya sala ya asubuhi, njoni nyuma ya kanisa. Kila nyumba ilete gunia moja, kopo kubwa lililotobolewa pande zote mbili, na ndoo ya kokoto. Gunia tutalisimamisha, kopo tutaliweka katikati na kulijaza kokoto, pembeni tutatia udongo uliochanganywa na samadi. Tukifika ukingoni tunalivuta kopo juu na kujaza tena, mpaka nguzo ya mawe ifike mdomoni. Maji yatapita hapo yafike chini. Ubavuni tutatoboa matundu, na kila tundu litapata mche wa sukuma wiki. Juu tutasia dodo, ambayo ndugu zetu Wakongo wanaiita lengalenga. Wenye nyumba kando ya barabara kuu wasiweke mboga za majani karibu na lami: watafiti wa hapa hapa Kampala walishauri umbali wa mita 30, kwa sababu ya vumbi lenye risasi, na majani yaoshwe vizuri hata hivyo.

Wapangaji, mwambieni mwenye nyumba mapema, tena kwa adabu. Akikataa, leteni gunia lenu kanisani. Ufunguo wa geti la nyuma utakuwa kwa mama mlezi wa kikundi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi.