Sahani ya Aliye Kazini

Katika mji wa Leicester, katikati ya Uingereza, mtu wa Tanga hawezi kusema amekosa muhogo. Maduka ya barabara ya Belgrave na mitaa ya jirani yanauuza mbichi, umepakwa nta ili usiharibike safarini, mwingi umetoka Costa Rica. Yanauuza pia ulioganda, ndani ya mifuko iliyoandikwa "mogo". Jina hilo ni la Wahindi wa Afrika Mashariki. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka, na zaidi ya 27,000 kati yao wakaingia Uingereza. Halmashauri ya Leicester ilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije mjini humo. Maelfu walikuja hata hivyo, wakawakuta jamaa zao waliotangulia kutoka Kenya na Tanzania. Leo wajukuu wao wengi hawajui Kiswahili, lakini nyumbani kwao bado kuna muhogo wa kukaanga kwa pilipili na ndimu, kuna matoke, kuna kuku wa nazi wanayemwita kuku paka. Zaidi ya miaka hamsini imepita. Hakuna shule iliyowafundisha mambo hayo. Waliyapata jikoni kwa mama na bibi zao.

Ninalifikiria sana jambo hili, kwa sababu mimi na mama watoto tunalea hapa hapa, na swali letu ni la kila mzazi aliye ughaibuni: tuwape nini watoto hawa kitakachobaki nao? Wengi wetu hujibu haraka kwamba tuwape chakula cha kwetu. Basi tunahangaika na sembe, tunaagiza dagaa, tunajaza mabegi viungo kila mtu anaporudi likizo. Nami nimehangaika hivyo, na sijutii. Lakini kadiri watoto wanavyokua ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba jibu hilo ni nusu tu. Kinachostahili kuhangaikiwa zaidi ni namna tunavyokula: nani anasubiriwa, nani anawekewa, nani anakaribishwa, na nani anapika.

Chakula chenyewe hubadilika, na hakijaanza leo. Mahindi asili yake ni Meksiko. Muhogo na pilipili kali vilitoka bara hilo hilo la Amerika, vikafikishwa Afrika baada ya Wareno kufungua njia zao za bahari. Pilau na chapati vilivuka bahari kutoka upande wa Bara Hindi. Mzee wa zamani aliyezoea ugali wa mtama, siku alipowekewa wa mahindi, alikuwa anakula chakula cha kigeni. Kwa hiyo mwenzangu anayesonga ugali wa semolina kwa kuwa ndiyo aliyoizoea tangu alipokosa sembe miaka ya mwanzo, simwoni kama amepotea. Mchicha tunaununua kwa Wajamaika, wanaouita callaloo, na kwa Wabangladeshi tunapata ule mwekundu. Kisamvu kilichotwangwa kinauzwa kimeganda katika maduka ya Wakongo kwa jina la pondu. Wengine hukodi kipande cha bustani cha halmashauri na kupanda mchicha na maboga kwa ajili ya majani yake, mwishoni mwa Mei, baridi ya kuunguza miche ikishakwisha.

Hata wali wa nazi unawezekana, ukiwa na subira. Kwetu nazi hukunwa kwa mbuzi na kukamuliwa mara mbili. Tui zito huwekwa pembeni, jepesi likapikia mchele, kisha lile zito humiminwa juu wali unapokaribia kukauka, na makaa yakapaliwa juu ya mfuniko. Hapa kuna nazi ya kopo, kutoka Thailand au Sri Lanka. Soma kwanza karatasi ya kopo. Likiwa na nazi na maji peke yake, hilo ndilo lako. Yale yaliyotiwa kitu cha kuzuia tui lisijitenge hayafai kwa kazi hii. Liache kabatini usiku kucha bila kulitikisa, na asubuhi ukilifungua taratibu utakuta tui zito limepanda juu, jepesi limebaki chini. Kuanzia hapo unafuata utaratibu ule ule wa mama yako. Mchele utakuwa basmati, usio na harufu ya mchele wa Kyela, na chembe zake ndefu huvunjika ukikoroga ovyo. Mahali pa kupalia makaa, ingiza sufuria yenye mfuniko mzito ndani ya oveni, digrii 150, robo saa. Hautakuwa wali wa Tanga, lakini utakuwa wali wa nazi, na mtoto aliyeusimamia tangu kopo hadi oveni atakuwa ameelewa kwa nini tui hutiwa mara mbili.

Mama yangu tukimwonyesha sufuria kwa simu, hakai sana kwenye wali. Anasema "maashallah", kisha anauliza, "Mmekaa wote?"

Swali hilo ni gumu kulijibu Uingereza kuliko swali la nazi. Wengi wetu tunafanya kazi za zamu. Mama watoto anatunza wazee, zamu ya usiku. Mimi niko ghalani mchana. Kazi kama hizi tunaziita kubeba boksi, hata kwa mtu ambaye kazi yake haina boksi hata moja. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, watoto wanarudi kutoka shule giza likiingia, na nyumba inakuwa kama stendi ya mabasi, kila mtu anapita kwa saa yake. Ninazijua nyumba ambazo mtoto hupasha moto chake kwenye maikrowevu, akapanda nacho chumbani, akala huku anatazama simu. Watoto hao wanakula pilau. Wanakula maharage ya nazi na samaki wa kupaka. Chakula ni cha kwetu kabisa, lakini wanakula peke yao usiku baada ya usiku, na moyo wangu unaniambia afadhali wangekula viazi vya kuoka na maharage ya kopo, wakiwa wamekaa na mtu.

Hatuwezi kukaa wote kila siku, na sitaki kumhukumu mzazi ambaye mshahara wake unategemea zamu. Lakini kuna jambo moja ambalo zamu haiwezi kulizuia. Kwetu, asiyekuwepo huwekewa. Sahani yake hupakuliwa kwanza, kabla ya yeyote kuonja, ili asije akala makombo. Nyumbani kwetu hapa kazi hiyo ni ya watoto, kwa zamu. Mwenye zamu ndiye anayeamua kipande gani cha kuku kiende kwa mama, na ndugu zake wanatazama. Mwanzoni walikuwa wakimpa shingo. Hatukuwakaripia. Mama yao aliirudisha ile sahani mezani siku yake ya mapumziko, akala shingo mbele yao, akashukuru. Tangu hapo paja limekuwa lake, na kijana wetu wa kati, ambaye hupenda paja kuliko kitu chochote duniani, ndiye mkali zaidi wa kulilinda. Mama akirudi saa mbili asubuhi, wao wakiwa wanavaa viatu vya shule, anakula kidogo mbele yao. Dakika hizo chache ndiyo meza yetu ya siku za kazi.

Hapo ndipo ninapomkumbuka Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said wa Zanzibar. Mwaka 1866 aliondoka kisiwani, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani na kuitwa Emily Ruete. Mumewe alifariki mwaka 1870 kwa ajali ya tramu huko Hamburg, naye akabaki na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi, fedha zikiwa chache. Kitabu chake cha kumbukumbu kilitoka mwaka 1886, na katika utangulizi anaeleza kwamba alianza kuandika kwa ajili ya watoto wake, ambao walikuwa wanajua machache sana kumhusu, ila kwamba ni Mwarabu na ametoka Zanzibar. Kila nikikumbuka maelezo hayo ninaingiwa na huzuni, na pia na heshima kubwa kwake. Mama amekaa nyumba moja na watoto wake miaka yote hiyo, na bado inambidi ashike kalamu ili wamjue. Katika kurasa zake anaeleza jinsi familia ilivyokaa kula katika jumba la baba yake, kila mtu mahali pake kwa kufuata umri. Aliona hilo linastahili kuandikwa. Nadhani alijua kuwa mpangilio wa watu kwenye mlo ungewaeleza watoto wake mengi kuhusu alikotoka.

Kwetu siku ya Jumapili tunatandika mkeka sebuleni na kula sinia moja. Mambo ya sinia hayahitaji hotuba. Unaosha mikono, unasema bismillahi, unamsubiri mkubwa aanze, unakula mbele yako, hukimbilii kitoweo kabla hakijagawiwa. Mtoto mwenye njaa anajifunza kupunguza kasi kwa sababu anaona mkono wa mdogo wake ni mfupi. Siku sita za wiki anakula kwenye sahani yake kwa kisu na uma, kama alivyozoeshwa shuleni, na hilo pia ni adabu, nami nataka aijue vizuri. Nchini hapa, tangu Septemba 2014, watoto wote wa miaka mitatu ya mwanzo katika shule za serikali za Uingereza hupewa chakula cha mchana bila malipo. Nilikiona hicho ni kitendo cha utu, na niliwaambia watoto hivyo. Sitaki wakue wakidhani kwamba ukarimu ni mali yetu peke yetu.

Vilevile siwafanyi watoto wabebe nchi yangu mabegani. Binti yangu aliniambia siku moja kwamba koti lake linanuka dagaa na wenzake wamesema. Ninazijua nyumba ambazo mtoto akisema hivyo huitwa mtumwa wa Wazungu. Sisi tulihamisha makoti juu, mbali na jiko, tukafunga mlango wa jikoni na kufungua dirisha kila tunapokaanga. Dagaa wameendelea kupikwa. Mtoto ana haki ya kwenda darasani bila harufu ya kikaango chetu, na kumpa haki hiyo hakupunguzi chochote katika asili yake. Kwenye kisanduku chake cha chakula aliweka alichotaka.

Jambo ambalo sikubali kulilegeza ni la wavulana. Nilikolelewa mimi mvulana alifukuzwa jikoni, na wanaume wengi walifika huku wakiwa hawajui hata kuchemsha maharage. Huku nimeona ndoa zikichoka kwa sababu hiyo: mke anatoka zamu ya saa kumi na mbili, anakuta mume amekaa akisubiri apikiwe. Watu husema ni mila. Mimi ninaona mila iliyomtegemea mama, shangazi, dada na jirani wote wakiwa uani pamoja haiwezi kubebeshwa mwanamke mmoja kwenye nyumba ya vyumba viwili. Kijana wetu wa kati anasonga ugali usio na madonge na anasukuma chapati za mviringo. Babu yake, tulipomwambia kwa simu, alinyamaza kidogo, kisha akataka kujua kama chapati zinachambuka.

Mgeni naye hatukumwacha nyuma, ingawa huku watu hupeana miadi ya wiki mbili kabla ya kunywa chai. Tunapika zaidi ya idadi yetu. Ramadhani ikiangukia miezi ya kiangazi futari huja saa tatu na nusu usiku, majirani wakiwa wanakaribia kulala, kwa hiyo watoto huwapelekea sahani mapema: mihogo ya nazi, tambi, kaimati. Nilichelea wataona haya kugonga milango ya watu wasiowajua. Waliona haya kweli, mara ya kwanza. Sasa wanagombea nyumba ya bibi mmoja wa Kiingereza anayeishi peke yake, kwa sababu anawauliza kila sahani imepikwaje na kusikiliza mpaka mwisho.

Mwaka huu binti yetu mkubwa anakwenda chuo kikuu katika mji mwingine. Ataishi kwenye bweni lenye jiko moja la watu wanane, kila mmoja na rafu yake ya friji na jina lake juu ya chupa ya maziwa. Alituuliza kama itakuwa ajabu kupikia watu ambao kila mmoja ana chake. Mama yake alimjibu kwamba asilazimishe mtu, na asikasirike akikataliwa. Wengine wana mzio, wengine wana miiko, wengine wana aibu tu. Mimi nilimwambia apike Jumamosi ya kwanza, kabla hawajazoea kupishana koridoni bila kusalimiana. Tukabishana kidogo kuhusu sufuria. Mama yake anataka achukue ndogo, kwa sababu begi lina mipaka yake. Binti ameamua kuacha viatu jozi mbili, ameingiza ile kubwa, na ndani yake amepanga makopo ya nazi baada ya kuzisoma karatasi zake moja moja.