Muimbo uko mutoto wa nani?

Kwetu hapa Kolwezi mugeni akiingia mu lupango, kiisha kumupa kiti na maji ya kunywa, tunamuuliza: "Uko mutoto wa nani?" Hatumuulize ili kumufukuza. Tunamuuliza ili tujue ginsi ya kumuita: pengine ni mujomba, pengine ni shemeji, pengine ni mutu wa kabila tunalotaniana nalo. Akijibu, anapata nafasi yake kati yetu. Katika kurasa hizi tunataka kuuliza nyimbo swali lile lile.

Jambo lenyewe ni hili. Muimbo ukitoka kwa watu hawa na kuingia kwa wale, ukabadilisha luga, vyombo na dansi, unabaki wa nani? Na yule anayeuchukua ana deni gani kwa yule aliyekuwa nao mbele?

Kwa swali hili, wazee wetu na vijana wetu hawasikilizane. Wazee wanasema: mwacha asili ni mtumwa. Wanasikia rap na wanatikisa kichwa: "Hii haiko ya kwetu." Vijana wanajibu: "Baba, muziki haina mupaka." Kila upande una kweli kidogo, na kila upande unasahau kitu. Mbele ya kukata hili neno, tufuate kwanza nyimbo zenyewe na tuone zilipitia wapi.

1. Gita ya Bunkeya

Tuanze na mutu ambaye kila muzee wa Katanga anamujua: Mwenda wa Bayeke Jean-Bosco. Alizaliwa mwaka 1930 kule Bunkeya, ambayo leo iko ndani ya jimbo letu la Lualaba. Mutu akitafuta muziki ya asili kabisa, atasema: hii njo yetu. Ni kweli, ni yetu. Lakini tumuulize ni mutoto wa nani.

Bunkeya ilikuwa muji mukubwa wa Msiri, mutawala wa Wayeke, mpaka alipouawa mwezi wa 12 mwaka 1891. Na Wayeke walitoka Unyamwezi, inchi ambayo leo iko Tanzania, walifuata biashara ya shaba na pembe za tembo. Kwa hiyo jina "wa Bayeke" lenyewe linabeba safari. Luga aliyoimba mara nyingi ni Kiswahili, na Kiswahili kilipanda huku kutoka pwani, pamoja na misafara ya biashara na kisha pamoja na kazi ya migodi. Gita ilitoka Ulaya.

Na miji ya shaba je? Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilileta watumishi kutoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, Nyasaland na Rwanda-Urundi. Ndani ya kambi zile watu walisikia nyimbo za makwaya, maana yake kwaya za misioni zilizogeuzwa kuwa nyimbo za furaha. Walicheza pia dansi ya beni, iliyozaliwa pwani ya Kenya mbele ya mwaka 1900, ikatembea na askari na wapagazi wa vita ya 1914-1918 mpaka ikafika inchi za shaba. Jina "beni" ni neno la Kiingereza la fanfari, limevaa nguo ya Kiswahili.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, Muingereza aliyekuwa anaishi Afrika ya Kusini, alimurekodi Bosco kule Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Kati ya nyimbo zile kulikuwa "Masanga". Bosco alipiga nyuzi kwa vidole viwili tu vya mukono wa kuume, kile kikubwa na cha pili, lakini asiyemuona angefikiri kwamba magita mbili zinazungumza. Mwaka 1959 alikwenda Nairobi, na wapiga gita wa Kenya walimusikiliza sana. Mwaka 1961 na 1962 mutafiti David Rycroft aliandika muziki yake nota kwa nota katika gazeti moja la wataalamu, na tangu pale mutu wa mbali aliweza kujifunza kazi ya vidole vya Bosco juu ya karatasi, sawa vile tunajifunza kazi ya watungaji wakubwa wa Ulaya. Mwaka 1969 Bosco mwenyewe alipiga kwenye fete ya Newport, Marekani, mbele ya watu wa muziki ya folk na ya blues.

Basi "Masanga" ni ya nani? Ya Bunkeya, tunajibu. Lakini Bunkeya bila Unyamwezi, bila pwani, bila kambi ya migodi, haiwezi kutoa muimbo ule.

2. Misa ya Kamina

Mufano wa pili unatugusa sisi walimu kwa namna ya kipekee. Kule Kamina, padri Mufransisko Mubelgiji, Guido Haazen, alikusanya watoto wa masomo karibu 45, wavulana, na walimu karibu 15. Kikundi kiliitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Mwaka 1958 waliimba Ulaya na kurekodi Missa Luba. Maneno ni ya misa ya Kilatini, yale yale ya Roma. Lakini sauti ni zetu: ndani yake unasikia kasala, nyimbo ambazo Waluba wanalilia nazo wafu wao, na Hosanna inatembea kwa dansi ya Kasai.

Miaka kumi kisha, Muingereza Lindsay Anderson alitengeneza filme yake "if....", ambayo inaonyesha vijana wa masomo ya bweni wanaoasi wakubwa wao. Mwaka 1969 filme ile ilipata zawadi ya kwanza kule Cannes. Na muziki ambayo kijana mukubwa wa filme anaweka juu ya gramofoni yake, tena na tena, ni Sanctus ya Kamina! Vijana wengi wa Ulaya waliojua Beatles na Rolling Stones walijua pia sauti za watoto wa Kamina, hata kama hawangeweza kuonyesha Kamina ku karte.

Hapa swali letu linakuwa kali. Juu ya disiki, jina linaloonekana sana ni la padri Haazen. Kazi yake hatuikatai: bila yeye kikundi hakingekuwa. Lakini muziki ile haikuandikwa kwanza juu ya karatasi. Ilitoka ndani ya vinywa vya waimbaji, kila mumoja anatia kipande chake, mazoezi kwa mazoezi. Tunajua jina la mwimbaji mukubwa, Joachim Ngoi, yeye pia mwalimu. Na wale wengine? Na mama wa kijiji ambao kasala zao zilisikiwa kwenye vilio miaka mingi mbele ya kuingia ndani ya Kyrie? Sheria inataka jina moja chini ya kazi. Desturi inatambua watu wengi. Zote mbili zisiposikilizana, anayepotea ni yule asiye na karatasi.

3. Cha-cha-cha iliyozunguka dunia

Mufano wa tatu. Mwaka 1960, wakati wa Meza ya Duara kule Bruxelles, Joseph Kabasele, Grand Kallé, na African Jazz walitoa "Indépendance cha cha". Cha-cha-cha ni dansi ya Cuba, iliyotengenezwa na Enrique Jorrín miaka michache tu mbele. Lakini Cuba yenyewe ilipata ngoma zake wapi? Kwa sehemu kubwa, kwa watumwa, na wengi wao walitolewa inchi za Kongo. Tangu mwaka 1933 disiki za Cuba, zile za alama GV, ziliuzwa Afrika, na wazee wetu walizisikia kama kitu cha mugeni ambacho wanakumbuka bila kujua sababu. Mutoto aliyeuzwa alirudi nyumbani na nguo zingine, na mama yake akamutambua kwa mwendo. Kwa hiyo mwezi wa 12 mwaka 2021, UNESCO ilipoandika rumba ya Kongo kati ya urizi wa dunia, iliandika pia safari ile ya kwenda na kurudi.

Hadisi haikuishia pale. Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978 na kukomalia Ubelgiji, ni mutu wa rap. Albamu yake ya kwanza ya peke yake inaitwa "Hotel Impala", jina la hoteli ya hapa kwetu Kolwezi. Ndani ya albamu "Kinshasa Succursale" alichukua muimbo wa Kabasele na kuweka juu yake maneno mapya, na kichwa kimoja cha kazi ile ni cha Kiswahili: "Siku ya baadaye". Anauliza kulikuwa nini kiisha siku ya uhuru. Muzee anayesema rap haina mila, tunamuomba asikilize kazi hii. Atakuta Kabasele ameketi ndani.

4. Kukopa si kuiba

Sasa mutu anaweza kutuambia: "Mwalimu, kama kila mutu alikopa, basi hakuna mwizi." Hapana. Kinyume chake, kama kila mutu alikopa, basi kila mutu ana deni. Kwa desturi yetu anayekopa jembe anagonga mulango, anasema jina lake, na anarudisha. Anayeiba anapita usiku. Jembe ni lile lile. Tofauti iko ku mulango.

Tunaona deni la mutu anayechukua muimbo liko na sehemu tatu.

Ya kwanza ni kutaja. Baloji hakuficha Kabasele. Kila anayesikia anajua baba ni nani. Kutaja hakulipishe kitu, na ndilo deni ambalo watu wengi wanakataa kulipa.

Ya pili ni kulipa, pale pesa inapoingia. Inchi yetu iko na sheria ya haki za watungaji, ile ya tarehe 5 mwezi wa 4 mwaka 1986. Kuwa na sheria ni jambo moja, na mupiga gita wa mutaa kupata haki yake ni jambo lingine. Hayo kila mwanamuziki wa Manika ao wa Dilala anaweza kueleza vizuri kupita sisi.

Ya tatu ni kuongeza. Anayepokea muimbo na kuurudisha sawasawa vile ulivyokuwa, hakupunguza deni. Bosco hakurudisha gita ya Wazungu namna alivyoikuta. Watoto wa Kamina hawakurudisha Kilatini namna walivyofundishwa. Waliongeza kitu, na ile nyongeza ndiyo inatufanya tuseme leo "yetu".

5. Swali lenye sumu

Tulisema kwamba "uko mutoto wa nani?" ni swali la kumupa mugeni nafasi. Sherti tuseme pia upande wake wa pili, juu tuliuona kwa macho. Mwaka 1992 na 1993, ndani ya Likasi na ndani ya Kolwezi hii, swali lile liliulizwa ili kufukuza. Majirani wenye asili ya Kasai, wengi wao wamezaliwa huku, walitolewa mu nyumba. Makumi ya maelfu ya watu walilala ku gare na kungojea treni, na wengi walikufa. Ndani ya madarasa, viti vilibaki wazi. Katika mwezi moja tu, mutu aliyekuwa "kaka" aliitwa mugeni.

Ni hapa tunaona kwamba kutafuta ukoo wa nyimbo si muchezo wa watu wenye nafasi. Nani alikuwa anapiga gita ndani ya "Indépendance cha cha", muimbo ambao Katanga nzima ilicheza? Nico Kasanda, mutoto wa Kasai. Muimbo ule uliita vyama vyote pamoja, hata CONAKAT ya Katanga, na tarehe 11 mwezi wa 7 mwaka ule ule Katanga ilijitenga. Muziki haikuweza kuzuia. Hatutaki kudanganya watoto kwamba nyimbo zinaleta amani zenyewe: watu wanaweza kucheza rumba usiku na kuvunja mulango wa jirani asubui. Lakini muimbo unabaki shahidi. Mutu anayesema "huyu si wa hapa" huku anacheza muziki ambayo yule alisaidia kuzaa, ajue kwamba miguu yake inakanusha kinywa chake.

Kwa hiyo asili si ukuta. Wazee wana haki ya kusema kwamba mutu asiyejua anakotoka ni mutumwa. Tunaongeza tu: akifuata kweli anakotoka, mpaka mwisho, atakuta nyumba za watu wengine njiani, na sherti asalimie katika kila moja.

Kwa kumaliza tunaleta ombi moja kwa vikundi vyote vinavyoimba ku sikukuu za desturi. Mbele ya kuanza, mutu mumoja asimame na aseme kwa maneno machache: muimbo huu tuliupata kwa nani, yule aliupata wapi, na sisi tumeongeza nini. Dakika moja inatosha. Na sisi walimu tutume watoto nyumbani na daftari, wamuulize nyanya ni nani alimufundisha muimbo wa kubembeleza mutoto. Wengine watarudi na jina la Muluba, wengine la Mubemba, la Muchokwe ao la Mulunda, na wengine watakuta jina la mutu wa Kasai aliyepanda treni mwaka 1993 na hakurudi. Jina lile pia liandikwe.