Kilo Zako si Hukumu Yako

Maandiko ya kusoma: 1 Samweli 16:7, Danieli 1:8–16, 1 Wakorintho 6:19–20

Mwezi huu watu watatu wameniuliza swali lile lile: "Pasta, kunenepa ni dhambi?" Wa kwanza ni dada aliyeacha kuhudumu mlangoni kwa sababu sare mpya ilimbana, na mtu akamcheka hapa hapa kanisani. Wa pili ni ndugu ambaye kila Jumapili anapigwa-pigwa tumbo na kuambiwa, "Mungu amekubariki, kitambi kinasema!" Wa tatu alitaka tumwombee anapoanza kufunga siku 21, lakini kila nilipomuuliza anamwomba Mungu nini, jibu lilirudi kwa kiuno. Wote wamenikubalia niwajibu hapa bila majina, kwa sababu wanajua hawako peke yao.

1. Mungu hapimi moyo kwa kilo

Samweli alipofika nyumbani kwa Yese, macho yake yalitua kwa Eliabu, kijana mwenye kimo na sura. Mungu akamkatiza: wanadamu huangalia umbo, yeye huangalia moyo. Hilo tunalihubiri sana, halafu tukitoka nje tunasalimiana kwa umbo. "Umenona!" "Mbona umekonda hivi?" Jamani, salamu zingine ni mawe.

Biblia haifichi unene. Waamuzi 3 inasema wazi kwamba Egloni, mfalme wa Moabu, alikuwa mnene sana. Lakini soma vizuri uone kosa lake: aliwatumikisha Waisraeli miaka 18. Mungu hakumwinua Ehudi kwa sababu ya kilo za mfalme. Alimwinua kwa sababu ya kilio cha watu.

Ulafi ni dhambi, ndiyo. Mithali 23 inatuonya. Lakini ulafi ni tamaa isiyotosheka, na tamaa hiyo inaweza kukaa ndani ya mtu mwembamba kama ufito. Mwingine ni mnene kwa sababu ya urithi wa familia, dawa anazotumia, kukosa usingizi, au kazi ya kuketi kutoka asubuhi hadi jioni. Ukimwita mlafi, umeshuhudia usiloliona. Na kwa upande wa pili, kitambi si risiti ya baraka. Usimpigie mtu makofi kwa kitu ambacho daktari wake anakihofia.

2. Namba moja si hesabu nzima

Mimi nilisomea biashara. Hakuna mkaguzi wa hesabu anayefungua droo ya duka, akahesabu noti, kisha akasema duka liko sawa. Atauliza stoki, madeni, kodi. Droo inaweza kujaa leo na duka lifungwe mwezi ujao. Mizani nayo ni droo tu.

Kliniki wanatumia kipimo kinachoitwa BMI. Chukua urefu wako kwa mita, uuzidishe kwa urefu huo huo, kisha ugawanye kilo zako kwa jibu hilo. Mtu wa kilo 80 mwenye urefu wa mita 1.60 anapata takriban 31. Shirika la Afya Duniani linasema kutoka 18.5 hadi chini ya 25 ni uzani wa kawaida, na kuanzia 30 ni unene wa kupita kiasi. Hesabu hiyo ilitungwa miaka ya 1830 na Mbelgiji Adolphe Quetelet. Hakuwa daktari, alikuwa mtu wa takwimu aliyetaka kuelewa maumbile ya watu wengi kwa pamoja. Inafaa kama onyo la kwanza. Lakini haitofautishi misuli na mafuta. Haijui kama mafuta yamekaa tumboni au mapajani, na ya tumboni ndiyo hatari zaidi. Presha yako pia haiijui.

Kwa hivyo mwembamba asijisifu. Presha mara nyingi haina dalili; unaweza kuingia kwenye suruali ya ujana wako na presha iwe 160 kwa 100. Na mnene asidanganywe: kilo zikizidi, hatari ya sukari, presha na maumivu ya magoti huongezeka. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba asilimia 27 ya watu wazima nchini Kenya walikuwa na uzani uliozidi. Hiyo ni zaidi ya mmoja kati ya kila wanne.

3. Kujikubali si kujitelekeza

Paulo anatufundisha kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu na kwamba tulinunuliwa kwa bei. Kitu cha thamani hakitukanwi, na pia hakiachwi kioze. Mtu anayeuchukia mwili wake hujinyima wiki mbili, hunywa chai ya kuharisha aliyouziwa kwenye WhatsApp, hupoteza maji na kuyaita mafuta, kisha kilo zinarudi zikiwa zimeleta na wenzao. Anayeutunza kama amana huenda polepole. Madaktari wanatuambia kwamba mwenye uzani uliozidi akipunguza asilimia 5 hadi 10 tu, presha na sukari huanza kupata nafuu. Kwa yule wa kilo 80, hizo ni kilo 4 hadi 8. Si lazima urudi ulivyokuwa siku ya harusi!

4. Kufunga si dayeti

Wengi wanapenda mfungo wa Danieli. Hebu soma mstari wa 15. Baada ya siku 10 za mboga na maji, vijana wale walionekana wazuri na wanene zaidi kuliko waliokula meza ya mfalme! Danieli hakutafuta kiuno, alikataa unajisi. Ukitaka kupunguza kilo, punguza, ni jambo jema. Lakini usiliite ombi. Na kama unatumia dawa za sukari, usifunge kabla hujazungumza na daktari, kwa maana sukari inaweza kushuka ghafla ukazimia. Kuacha dawa kabatini si imani.

Ya kufanya wiki hii

- Tembea dakika 30 kwa siku 5. Hizo ni dakika 150, kiwango cha chini wanachopendekeza wataalamu wa afya. Shuka matatu steji moja kabla ya yako.
- Gawa sahani: nusu mboga, robo ugali au wali, robo maharagwe, ndengu, omena au nyama.
- Toa kijiko kimoja cha sukari kwenye chai. Soda iwe ya sherehe.
- Chunga salamu zako. Mtu akikonda ghafla bila kujaribu, usimpongeze wala usimnong'one. Msindikize hospitali. Inaweza kuwa sukari au kifua kikuu, na vyote vina matibabu.

Wazee wa kanisa wamekubaliana kwamba sare za wahudumu zitashonwa kwa kipimo cha kila mmoja. Kitambaa ndicho kitakachokatwa, si mhudumu. Jumapili ijayo, baada ya ibada ya pili, wauguzi wetu watapima presha, sukari na kiuno bila malipo. Mizani itakuwa ndani ya ofisi na mlango umefungwa. Namba yako itabaki kati yako, muuguzi na Mungu wako.

Ombi: Baba, asante kwa mwili ulionipa. Nifundishe kuutunza bila kuuabudu na bila kuudharau. Utusamehe kama kanisa pale tulipomcheka uliyemuumba. Katika jina la Yesu, amina.